Gari la Mzee Wafula na Baridi ya Julai

Mliponiaga Ijumaa ile nikistaafu, kwa keki yenye umbo la spana, mmoja wenu alisimama akasema, "Shosho, tuandikie mambo ya kazi, usiende nayo yote." Nikakubali mbele ya watu. Keki yenyewe ilikuwa ngumu kuliko spana, lakini niliila, na ahadi ni deni.

Najua mnachotaka. Mnataka kujua jinsi mwanamke alivyoingia uwanja wa kutengenezea magari enzi ambazo mwanamke aliyeonekana pale alikuwa amebeba uji wa kuuza. Mtapata kidogo. Lakini kuna jambo moja lililonishtua nikiwa tayari ni nyanya wa watu, na mshtuko wake haujanitoka. Nikisikia stata ya gari ikilia asubuhi ya baridi, mpaka leo moyo unaniruka. Mtoto wa watu nusura afe, na gari lililokataa kumfikisha hospitali lilikuwa limepita mikononi mwangu. Hilo ndilo nitakaloandika. Atakayeona aibu kulisoma ajue mimi nimeona aibu zaidi kuliandika.

Nilikuja pale uwanjani, nyuma ya mtaa wa Shauri Moyo, kugombana. Baba alikuwa na pikapu ya kupeleka kabichi soko la Gikomba, na fundi mmoja, Mutiso, alikuwa amekaa nayo wiki tatu. Kila Baba akienda, Mutiso alimwambia kesho. Nikasema kesho hiyo nitaiona kwa macho yangu. Nikaenda nikasimama kando ya pikapu toka asubuhi hadi jioni, siku tatu mfululizo, nikimkodolea macho. Siku ya tatu Mutiso akanirushia spana namba kumi na nne, akasema kama siondoki basi nifanye kazi. Jioni hiyo pikapu ilitoka. Mimi nikabaki miaka arobaini.

Mutiso alikuwa amejifunzia kazi kwenye karakana ya reli, na alitaka kila kitu kifanywe kwa adabu. Huli bila kunawa kwa sabuni na mchanga. Huweki nati chini, unaiweka kwenye kofia. Alinifundisha kufumba macho na kusikiliza injini mpaka niseme ni plagi gani imekufa, na nikikosea alinirudisha mwanzo bila kunitukana, jambo lililoniuma zaidi kuliko matusi. Vifaa vyangu vya kwanza vilikuwa koleo, spana nne, na taa ya kupimia moto wa betri tuliyoiunda kwa balbu ya taa ya nyuma na waya mbili. Taa hiyo ninayo hata sasa. Msije kuniazima.

Jambo moja lilimshinda Mutiso kunirekebisha. Mimi natumia mkono wa kushoto. Shuleni nilichapwa kwa ajili ya mkono huo na sikuacha, sembuse uwanjani. Nikisokota waya, msokoto wangu unakwenda kushoto wakati wa wengine wote unakwenda kulia. Mutiso alikuwa akiona waya yangu anacheka, anasema hiyo ni kazi ya Njoki, yaani mimi, haina haja ya sahihi.

Sasa nifike kwenye choki. Nyinyi mmelelewa na magari ya kompyuta, kwa hiyo nitakwenda polepole. Juu ya kabureta pana kibati cha duara, kilango cha hewa. Injini ikiwa baridi, kilango kinajifunga, hewa inapungua, petroli inakuwa nyingi, na injini inashika, yaani inawaka. Ikishapata joto, kilango kinafunguka chenyewe na gari linaendelea na safari zake. Hiyo ndiyo choki. Ni kitu kidogo chenye akili nyingi.

Shida yake ni kwamba ikizeeka inakwama nusu imefunga, na gari linaanza kunywa petroli kama wageni wa harusi wanavyokunywa soda. Mteja anakuja analia. Dawa ya kweli ni kuifungua, kuisafisha na kuibadilishia springi. Springi zilikuwa hazipatikani, na kazi yenyewe inataka subira. Dawa ya uwanjani ilikuwa kipande cha waya. Unakisimamisha kilango wima, unakifunga na waya kibaki wazi siku zote, unarudisha kifuniko, kwisha. Dakika tano. Mutiso mwenyewe ndiye aliyenionyesha, naye alikuwa na msemo wake. "Nairobi si Ulaya," alisema. "Hapa theluji iko wapi?"

Nikaona ni busara tupu. Wiki iliyofuata mteja alirudi akicheka, petroli imedumu, na jirani yake amemleta. Uwanja mzima ulifanya hivyo. Nilifunga magari ya walimu, ya wachungaji, hata ya polisi, na sikuwahi kuyahesabu. Nikawafundisha wengine, na baadhi yenu mmefundishwa na hao. Gari lenye injini nzima lilivumilia. Dereva anakanyaga mafuta mara mbili tatu, linakohoa, linashika. Lenye injini iliyochoka lilisumbua kila baridi ilipoingia, nasi tukamwambia mwenyewe anunue betri. Julai kwetu ilikuwa sikukuu ya betri. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini betri za Nairobi zinakufa mwezi mmoja tu wa mwaka.

Miaka michache kabla sijastaafu akaja Mzee Wafula wa mtaa wa Ziwani. Alikuwa amefanya kazi kaunsili ya jiji, akizunguka kusoma mita za maji, na ingawa alishastaafu bado alivaa koti na tai kama mtu anayengojwa na mita. Gari lake lilikuwa saluni ya Kijapani ya miaka ya themanini, rangi ya samawati, aliyoinunua kwa mtu wa Mombasa. Aliniambia bila kuzunguka kwa nini aliinunua. Alikuwa akimlea mjukuu wake Nekesa, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, kwa sababu mama yake mtoto yuko Arabuni kwenye kazi za nyumba. Nekesa ana selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao mtaani tunauita sikoseli. Baridi ikimpata, maumivu yanamshika mifupani na kifuani, na akichelewa kuwekewa maji mshipani na oksijeni anaweza kufa. Pikipiki haiwezekani, maana upepo wake unamwongezea. Teksi ya simu alfajiri inakubali, halafu inaghairi ukiwa umeshasimama barabarani na mtoto. Kwa hiyo Mzee alichukua pesa zake za uzeeni akanunua gari la kufanya kazi moja tu.

Na kazi hiyo moja ndiyo gari liliyoikataa. Mchana lilishika bila neno. Asubuhi za baridi, zilezile ambazo Nekesa aliugua, lilikuwa linalia tu.

Nililiona la kawaida kabisa. Lililetwa uwanjani saa nne, jua limeshachungulia, limesukumwa na majirani mpaka likashika, injini ina moto. Nikipiga stata linashika papo hapo. Nikabadilisha plagi, nikamwambia Mzee aende kwa amani. Agosti ikaisha, joto likarudi, hakuja tena, nikajisifu. Juni iliyofuata akarudi na tai yake. Nikafungua stata nikaweka brashi mpya. Akarudi. Nikabadilisha koili. Akarudi. Nikamwambia betri, akanunua betri. Akarudi, na kila akirudi ananisalimia kwanza, anauliza wajukuu zangu, ndipo anasema, "Fundi, bado." Adabu yake ilinikasirisha. Mtu akinifokea namjibu. Huyu nilikosa pa kumshika.

Kifuniko cha chujio la hewa nilikifungua, msidhani sikukifungua. Mara mbili nzima. Nilichungulia kabureta nikaona kilango kimesimama wima, wazi, nikarudisha kifuniko nikifikiria mambo mengine. Kwangu mimi kilango kilichosimama wima ndiyo ilikuwa hali ya kawaida ya dunia. Nilikuwa sijaona kilichojifunga kwa miaka mingi.

Siku moja Julai hiyo Mzee alikuja bila tai. Akakaa kwenye benchi letu kabla hajakaribishwa. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba jana yake gari lilichukua dakika arobaini kushika, na midomo ya Nekesa ilibadilika rangi akiwa kwenye kiti cha nyuma. Daktari aliyempokea hakuficha: wangechelewa zaidi kidogo, wangekuja na maiti. Kisha akaniangalia.

"Fundi, sijaja kulaumu. Nataka kujua kitu kimoja. Kama gari hili haliponi, niambie leo, niliuze nitafute chumba karibu na hospitali, hata kama ni chumba kibaya."

Nilihisi joto la aibu shingoni. Nikamwambia asiuze, nitakuja kuliona mahali linapolala, asubuhi, kabla halijaguswa. Alishangaa, na vijana wa uwanjani walishangaa zaidi. Kwetu gari ndilo humfuata fundi. Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kwenda kuliamkia gari la mteja kwake, na wakaanza kunitania kwamba Shosho sasa anafanya uuguzi wa nyumbani. Walikuwa wanatania, lakini walisema kweli. Tulikuwa tunawatibu wagonjwa wa asubuhi saa sita mchana.

Nilingoja siku ya baridi kali. Ikaja baada ya wiki, Nekesa ameshatoka hospitali, ile baridi ya Julai yenye mawingu yaliyokaa juu ya mabati. Nilitoka Shauri Moyo saa kumi na moja na nusu kwenda Ziwani kwa miguu, nimejifunga leso juu ya sweta, koleo na spana kwenye kikapu. Wachuuzi walikuwa wanakwenda Gikomba na mizigo yao, pumzi zinatoka mdomoni kama moshi. Nilitarajia kukuta gari limelala kimya, Mzee anachemsha chai, na mimi napima mambo yangu kwa utulivu.

Nikakuta wapangaji wa ploti nzima wako nje. Watu sita walikuwa wanalisukuma gari, mmoja wao mama mwenye mtoto mgongoni. Walikuwa wamelizungusha ua wa ploti mara mbili na jasho linawatoka katika baridi ile. Mzee Wafula alikuwa nyuma ya usukani, koti juu ya pajama, anapiga stata na kuomba kwa lugha ya kwao, Kibukusu. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na blanketi mbili na boshori nyekundu, ile kofia ya sufu, na ndani ya boshori uso wa msichana. Hakuwa analia. Alikuwa anatoa sauti moja nyembamba kila akivuta pumzi, sauti ya mtu anayeogopa kuvuta nyingine.

Nilisimama pale langoni. Miaka miwili Mzee alikuwa ananiambia gari halishiki, na mimi nilikuwa nasikia habari za gari. Sikuwahi kuisikia sauti ile.

Nikawaambia waache kusukuma na Mzee afungue boneti. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni harufu. Gari lililopigwa stata namna ile linapaswa kunuka petroli mpaka ukohoe. Lile halikunuka chochote. Lilikuwa linavuta hewa tupu. Nikafungua kifuniko cha chujio, nikaweka kiganja changu juu ya mdomo wa kabureta, nikauziba, nikamwambia Mzee apige. Msijaribu hili kama hamjui mnachofanya, maana injini ikipiga chafya inakuchoma mkono. Injini ilikinyonya kiganja changu kama mtoto anavyonyonya. Petroli ikalowesha vidole. Ikakohoa mara moja, ikakohoa tena, ikashika.

Watu walishangilia. Yule mama mwenye mtoto alianza wimbo wa kanisani. Mimi nilikuwa nainua kiganja polepole ili injini isizime, na ndipo nilipoona kilichokuwa chini yake. Kilango kilikuwa kimefungwa wazi kwa waya. Waya ilikuwa imeshika kutu, lakini msokoto wake ulionekana vizuri. Ulikuwa unakwenda kushoto.

Nilitazama tena. Nikatazama ukingo wa boneti, karibu na bawaba, pale mpiga rangi mvivu huwa hafiki. Chini ya samawati palikuwa na rangi nyeupe. Nikamkumbuka mwenye gari jeupe lile: mtu wa kuuza sabuni kwa jumla, mwenye haraka, aliyehamishiwa Mombasa na hakutaka petroli ya safari imle fedha. Nilimfungia choki akaondoka akinisifu. Huko Mombasa hakuna asubuhi inayohitaji choki, kwa hiyo waya yangu ilikaa miaka yote ile bila kumdhuru mtu, mpaka gari liliporudi Nairobi kwa babu mwenye mjukuu wa sikoseli.

Nilimpungia Mzee mkono aende. Waliondoka bila kifuniko cha chujio, maana nilikuwa nimekishika mimi, nacho kilinibakia mikononi pamoja na nati yake. Niliketi ukingoni mwa mtaro. Mama mwenye mtoto aliniletea chai akasema Mungu anibariki, kumbe kweli kuna mafundi Shauri Moyo. Akaniletea na shali. Niliona tu ile boshori nyekundu na kujiuliza ni alfajiri ngapi za namna hii zilizopita nikiwa nimelala kitandani mwangu, na waya yangu iko macho.

Kesho yake mchana Mzee Wafula alileta gari uwanjani. Nekesa alikuwa amelazwa, lakini anapumua vizuri na ameomba chapati. Mzee alikuwa na tai, na kwapani ana jogoo mkubwa amefungwa miguu. Alimweka kwenye benchi mbele ya watu wote akasema kwao asante haiji mkono mtupu, na kwamba fundi huyu aliacha usingizi wake kwa ajili ya mtoto asiyemjua. Vijana wakapiga makofi. Jogoo akanitazama kwa jicho moja.

Nisiwadanganye, nilifikiria kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Ningekata waya, ningesema nimerekebisha, na jogoo ningemla. Badala yake nilimwomba Mzee akae, nikafungua kabureta mbele yake. Nilikata waya. Nilisafisha choki yote, nikapata springi kwenye kabureta la gari lililokufa hapo uwanjani, nikaipima mpaka kilango kikajifunga na kufunguka bila kusukumwa. Ilinichukua saa moja na kidogo. Nawaandikia muda huo mwone ni kitu gani tulikuwa tunakikwepa kwa dakika tano. Kisha nikachukua ile waya nikaiweka kwenye kiganja chake.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ndiyo iliyokuwa inalizuia gari kushika kwenye baridi. Niliifunga mimi, zamani, kabla hujalinunua."

Aliigeuza. Akauliza kama ilikuwa bahati mbaya. Nikamwambia hapana, niliifunga kwa makusudi, nikidhani namsaidia mwenye gari, na kwamba ndivyo tulivyofanya sote.

"Na mwaka jana? Na mwaka huu, nilipokuja, nikaja, nikaja?"

"Nilikuwa naiangalia, Mzee, na siioni."

Nilitaka anitukane. Nimezoea matusi, najua kuyabeba. Yeye aliiweka waya mfukoni mwa koti, akafunga boneti kwa upole, akapiga stata, gari likashika. Halafu akashuka tena, akaja mpaka kwenye benchi, akamchukua jogoo wake, akamweka kiti cha mbele na kuondoka. Alikuwa na haki. Nilirudi nyuma ya kontena la vifaa nikalia kama mtoto, na yeyote kati yenu aliyenisikia siku ile akadhani ni kikohozi, sasa anajua.

Wiki mbili zilizofuata sikufaa kwa kazi. Nilikuwa nakaa kwenye benchi. Niliwaambia mafundi wenzangu wa rika langu nilichoona, wakaudhika. Mmoja akasema naharibu jina la uwanja kwa ajili ya kipande cha waya, na kwamba magari hayo yenyewe yanakwisha. Nilimkasirikia Mutiso, ambaye amekwisha kufa na hawezi kujibu. Nilimkasirikia kwa ule msemo wake wa theluji. Halafu nikaona Mutiso aliusema mara chache tu, na mimi niliusema miaka yote iliyobaki, kwa sauti kubwa, nikiwachekesha wateja. Hasira ikarudi nyumbani kwake, kwangu mimi.

Baridi ilikuwa haijaisha siku Mzee Wafula aliporudi. Gari lilikuja lenyewe, saa tatu asubuhi, bila kusukumwa. Aliniambia limeshika kila alfajiri, mara ya kwanza, hata siku ile ya manyunyu. Hakutabasamu alipolisema. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akamsaidia Nekesa kushuka. Sikuwa nimewahi kumwona amesimama. Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko nilivyodhani, boshori imevutwa mpaka kwenye nyusi. Mzee alisema ameshamwambia yote, na kwamba mtoto mwenyewe ndiye aliyetaka kuja kumwona aliyefunga waya ile.

Nilimpisha kwenye benchi akakataa, akasema amelala vya kutosha. Kwa hiyo mimi nikabaki nimeketi naye amesimama mbele yangu, na hivyo ndivyo nilivyomweleza, tangu mwanzo, kama nilivyowaeleza nyinyi. Sikujitetea kwa msemo wowote. Mwisho nikasema, "Nisamehe, mjukuu wangu."

Nekesa alikuwa anayatazama magari yaliyokuwa uwanjani, moja moja, yale makuukuu yenye boneti wazi.

"Shosho, ulifunga la Babu peke yake?"

"Hapana."

"Ni mangapi?"

"Sijui. Ni mengi."

"Na bado yanatembea?"

"Mengine yanatembea."

Alifikiri. Nilimwona akifikiri, na nikajua anachokiona, kwa sababu wakati uleule nami nilikiona kwa mara ya kwanza: wiki mbili nzima nilikuwa nimelililia gari moja.

"Basi mbona umeketi?" akauliza.

Babu yake akamkemea kwa kumtaja jina tu, maana hivyo sivyo mtoto anavyosema na mkubwa. Nekesa akainamisha kichwa, akaongeza "Shosho," kwa heshima. Lakini swali lake hakulifuta.

Pale uwanjani palikuwa na gari jeupe aina ya stesheni wagoni la mteja wangu wa miaka mingi, mzee wa kanisa anayeishi mtaa wa Lucky Summer, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti akingoja nimbadilishie mafuta ya injini. Kila Julai nilikuwa namuuzia betri. Nilisimama, nikaenda dirishani kwake, nikamgusa bega mpaka akaamka. Nikamwambia, kabla sijashika spana yoyote, nilicholifanyia gari lake.